Kiwanja Chetu cha Kriketi na Maiti Asiyekuwemo

Ninyi benye munacheza pale kiwanjani, bavulana na basichana, na zaidi sana ninyi benye munakata katikati na viatu vya matope mukizani mi Koko, bibi yenu, sioni: kaeni chini musome. Mi nilisoma madarasa matatu tu, mengine nilisomea ku mupini wa jembe. Mukikuta kosa la kuandika, mulimeze kama mufupa wa ndagala, bale samaki badogo ba ziwa, muendelee.

Ninaandika juu magoti yangu yamekataa kazi. Miaka yote hii mi ndiye nilikuwa naangalia kile kiwanja cha kriketi: kumwagilia, kuvuta rulo ya kushindilia udongo, kufukuza mbuzi, kufukuza na benye mbuzi. Sasa nimeacha. Na mwaka jana, wakati wa kiangazi, munajua wenyewe, kilibakia kidogo tu kigeuke depo ya unga na mafuta. Kilipona. Lakini kilipona kwa njia ya kijinga sana, na siku moja atakuja mununuzi mwingine. Kwa hiyo nataka mujue namna ya kukitunza, na namna kilivyopona, ili kusitokee muntu wa kuwadanganya.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa kriketi. Nani mu muji wetu wa Baraka alizaliwa akijua kriketi? Mi nilikuwa mupiga sakafu. Kule kijiji cha Swima kulikuwa mama mumoja, Mama Atosha, mwenye alikuwa anapiga sakafu za kuanikia ndagala. Ndagala ikianikwa ku muchanga, unakula muchanga. Ikianikwa ku sakafu ya Mama Atosha, unakula ndagala. Bavuvi balikuwa banamuogopa kuliko upepo. Alinichukua kazini mbele niolewe, akanifundisha udongo wa kichuguu: kuuponda, kuuchekecha kwa kipande cha nyavu ya zamani, kuuloweka mpaka ulale, kuupiga na ubao tabaka kwa tabaka.

Mutihani wake ulikuwa huu. Sakafu ikiisha, anamwaga unga wa muhogo palepale katikati, anaufagia kwa mukono mpaka unarudi wote ku sahani, anasonga bugali, anakuwekea mbele. "Kula." Meno yakilia krr, unachukua jembe, unabomoa, unaanza tena. Nilikula muchanga wa Swima mpaka nikazani tumbo langu litaota majani. Siku ya kwanza meno yangu yalinyamaza, nilingoja anisifu. Alisema, "Vizuri, umeshiba. Nenda nyumbani, mama yako anakutafuta." Ni hivyo tu.

Nikaolewa Baraka. Mume wangu, Mungu amupumzishe, alikuwa na lile shamba kati ya barabara na ziwa, penye hata muhogo ulikuwa unakataa kuota. Basoda ba kofia ya bluu, bale ba kulinda amani, bakaja kupiga kambi jirani. Balitoka nchi za mbali, sisi tukawaita bote Bapakistani, hata yule mumoja mwenye alikuwa anakataa kila siku. Bakamuomba mume wangu mahali pa kucheza. Akabapa bila kuniuliza. Nilimunyima maneno mpaka akajifunza kusonga bugali mwenyewe, na ilikuwa bugali mubaya.

Siku moja napita na ndoo, nakuta musoda mumoja munene, masharubu kama mufagio, anamwaga maji ku udongo saa ya jua kali.

Nikamuuliza: "We baba, unapika uji?"

Alikuwa na Swahili ya soko, aliyoinunua pamoja na nyanya. "Mama, wewe iko najua udongo?"

"Na wewe unajua nini?"

"Baba yangu kazi yake kiwanja. Mimi nalala mutoto kando ya rulo."

Huyo ndiye Sajini Yusufu. Alisema kweli, baba yake alikuwa mutunza kiwanja kule kwao, na yeye alijua kazi. Mi pia nilijua kazi. Bantu babili benye kujua kazi kwenye udongo mumoja, hapo ndipo kelele inaanza. Mi nilitaka tuweke mavi ya ng'ombe, kama sakafu yoyote yenye adabu. Yeye akasema kwao hapana, nyasi fupi na udongo peke yake. Tukagombana mpaka kapiteni wake akatoka mu hema kuangalia nani anakufa. Mwisho tukagawa: upande wa ziwa na mavi, upande wa milima bila mavi.

Upande wangu mupira ulianguka ukakaa pale kama kuku ku mayai. Haukuruka hata kidogo. Na kapiteni aliteleza, akaamuka na harufu. Sajini akacheka mpaka akashika magoti. Nikangoja kiangazi. Upande wake ukapasuka kila mahali, nyufa za kuingiza kidole, kwa sababu hakuchekecha udongo. Mupira ukianguka ku ufa unaruka kama chura aliyekanyagwa, hakuna mwenye kujua utaenda wapi, na mumoja akapigwa ku kidevu. Nikacheka mi pia, lakini mi nilicheka nikiwa nimekaa, nina adabu.

Tukaanza upya pamoja. Bila mavi yangu, na kuchekecha kwangu, na rulo yake. Rulo ile ile munayovuta: pipa la mafuta lililojazwa mawe na simenti, na bomba katikati. Siku tulipomaliza nikaleta unga wa muhogo. Nikamwaga pale penye mupira unaangukia, nikafagia, nikasonga, nikamuwekea Sajini.

Akatafuna. Krr.

"Mama, hii ni mawe."

"Hapana, Sajini, hii ni kazi yako. Rudi ku rulo."

Akavuta mpaka meno yakanyamaza. Tangu siku ile alikuwa ananiita Ustadhi, na mi ni muprotestanti. Nilimuacha.

Sasa, mambo ya maiti. Musikilize vizuri, juu ndiyo mambo yenyewe.

Jiwekeni mahali pa muntu wa Baraka mwenye hajawahi kuona kriketi. Anapita barabarani. Anaona kipande kirefu cha udongo, kimepigwa laini kuliko sakafu ya kanisa, kamba imezunguka. Mvula ikitaka kunyesha, basoda banakimbia, si kujifunika bao benyewe, banakwenda kufunika kile kipande na bashi, turubai kubwa. Hakuna ruhusa kukanyaga na viatu. Vijiti vitatu vimesimamishwa upande wa kichwa, vijiti vitatu upande wa miguu. Halafu Ijumaa mangaribi, kisha ya ibada yao, banaume bamevaa nguo nyeupe tupu banakuja banazunguka pale, bananyamaza. Mumoja amevaa koti refu jeupe, anasimama wima upande wa kichwa, mikono nyuma, hasemi kitu. Bananyamaza, bananyamaza, gafula bote banalia pamoja "Aaa!", mumoja anainamisha kichwa, anaondoka peke yake polepole. Bengine banamupiga ku mugongo, pole, pole. Kisha bananyweshwa chai.

We ungesema nini? Baraka yote ikasema: pale amezikwa mukubwa wao.

Bamama ba jirani bakawa banapita pale bameshusha vitenge kichwani. Muzee mumoja wa kijiji cha Lweba, alikuja kuuza miwa, akavua kofia. Mi nilibaambia, "Huo ni muchezo. Banarusha mupira, banapiga na ubao." Bakaniangalia na huruma. Jirani yangu akaniambia polepole, "Mama Furaha, tunajua bamekukataza kusema." (Furaha wa wakati ule ni binti yangu wa kwanza; Furaha wenu, mujukuu wangu, alirithi jina lake.) Nikamuambia, "Hakuna mwenye amenikataza." Akasema, "Ee, na hiyo pia bamekukataza." Muntu kama huyo utamufanya nini? Nikamuacha na maiti yake.

Sajini nilipomuambia, alitaka kukasirika, halafu akaangalia benzake bamesimama na nguo nyeupe, akasema, "Mama, ni kweli, tunafanana." Saa ya chai alikuwa anakaa ku rulo, ananionyesha picha ku simu yake: viwanja vya kriketi vya dunia. Alikuwa anavisifu kama muntu anavyosifu ng'ombe. Mi nilimuambia zile sifa tupu sitaki, anipe na vilema.

Akaniambia: kule London kuna kiwanja ambacho ndicho kinaheshimiwa kupita vyote, na kimeinama. Upande mumoja uko juu kuliko mwingine kwa urefu wa muntu na zaidi. Nikasema, "Na bazungu bote bale, na mashine zao, hakuna mwenye jembe?" Akasema mukikisawazisha batalia. Bamezoea. Murusha mupira akija upande huu, kilima kinamusaidia. Akija upande ule, kinamukataa. Nikafikiri, basi ni kama mume. Unajua upande gani ameinama, unaishi naye.

Kingine cha Uingereza, muti ulikuwa umeota ndani ya kiwanja, ndani kabisa ya kamba ya mupaka. Habakuukata. Mupira ukigonga muti, banahesabu kama umefika ku kamba. Siku moja upepo ukaangusha ule muti. Munazani balifurahi, balipata nafasi? Bakapanda mwingine. Mi hiyo niliipenda. Hao ni bantu bagumu kichwa kama mi.

Kule Sri Lanka, kiwanja kiko chini ya boma la zamani, karibu na bahari, na bantu bakikosa tikiti banapanda ku ukuta wa boma, banaangalia bure. Nikasema hapo sisi bantu ba huku, Bafuliro na Babembe, bote tungekuwa ku ukuta. Kule Cape Town, mulima wa bapa kama meza umesimama nyuma, na wingu linashuka juu yake kama kitambaa. Huko mulimani kwa Bahindi kuna kiwanja, ukiinua macho unaona barafu, na chini banacheza na jasho. Kule mu jangwa kwa Baarabu, bameotesha nyasi ku muchanga na maji ya kununua. Na jirani yetu, Uganda, Entebbe, kiko kimoja karibu na ziwa, kama chetu. Nikamuuliza, "Na mbuzi?" Akasema hajui. Nikasema basi hujui kile kiwanja.

Kilichonichekesha ni cha Australia. Kule, eti, ule udongo wa katikati banaupikia mahali pengine, mu sinia kubwa ya chuma, halafu gari linauleta, linaushusha katikati ya kiwanja kama keki ya ndoa. Bakimaliza kucheza banauondoa. Nikamuambia Sajini, udongo wenye haulali pale penye unafanya kazi ni mugeni, na mugeni hana tabia, ana salamu tu. Akacheka, akasema hata kwao bachezaji banalalamika vilevile. Lakini aliniambia na hii: zamani kulekule Australia, na kule Afrika Kusini, mashambani, bazungu balipiga viwanja kwa udongo wa kichuguu. Nilifurahi ku moyo, uso nikauacha palepale.

Kichuguu. Ngoja niwaambie ya kumbikumbi, juu kuna benye banasema mi ndiye nilileta ule mukosi.

Katikati ya kiwanja kulikuwa kichuguu kikubwa. Tulikikata, tukatumia udongo wake palepale. Mama Atosha alikuwa amenifundisha: mbele ya kupiga sakafu, toa malkia. Nikamuambia Sajini. Tukachimba mpaka tukakuta chumba chake, kitupu. Sajini akasema, "Amehama." Mi nikasema, "Ee, labda amehama." Tulikuwa tumechoka, na muntu aliyechoka anaamini kirahisi kwamba malkia amehama.

Hakuwa amehama.

Mwanzo wa mvula, bakubwa ba kambi ingine bakaja kucheza. Nguo nyeupe, viatu vyeupe, mumoja na miwani ya jua kama mucheza sinema. Asubuhi mvula ilikuwa imepiga, kisha jua likatoka. Mukubwa mwenye miwani akashika ubao, akajipanga. Murushaji akaanza kukimbia kutoka upande wa ziwa. Na udongo wangu, penye mupira unaangukia, ukaanza kutoa moshi. Si moshi. Kumbikumbi. Zilitoka kama muntu amefungua gunia. Murushaji akasimama, mukono hewani.

Ninyi munajua bamama ba Baraka bakiona kumbikumbi. Maiti ilisahaulika palepale! Bale bale benye balikuwa banashusha vitenge, bakaruka kamba na mabeseni, na sufuria, mumoja na kofia ya mume wake. Muntu wa koti jeupe, mwamuzi wa muchezo, alikuwa anainua mikono, "Mama, hapana! Mama, hapana!", kumbikumbi zikamuingia ku mukono wa koti. Jirani yangu alimusukuma mukubwa mwenye miwani, "Baba, songa kidogo," akafunika lile tundu na beseni. Mi nilikimbia pia. Nilikimbia kubafukuza. Halafu nikaona zinaisha, nikavua kitambaa cha kichwa nikachota zangu. Musiniangalie hivyo.

Tulizikaanga palepale na chumvi. Mukubwa mwenye miwani alikula kwanza kwa adabu, kisha bila adabu. Kesho yake tulichimba tena na Sajini, chini zaidi, tukamukuta malkia, munene kama kidole cha Sajini. Halafu jirani yangu akaniuliza, "Sasa yule marehemu alisemaje, vile tulimukanyaga?" Nilitaka kumupiga na beseni.

Mambo ya kutunza, nayaweka hapa, musome mara mbili. Kwanza maji: mumwagilie jua likianza kulala, si mangaribi ya giza wala saa sita. Asubuhi weka kidole gumba, sukuma. Kidole kikitoka na udongo, bado, nenda kunywa chai. Kidole kikiacha alama na kitoke kisafi, hapo vuta rulo. Kikikataa kuingia, umechelewa, utavunja uso wa udongo na mugongo wako. Rulo inakwenda polepole. Mwenye kukimbia na rulo anatengeneza mawimbi, na mawimbi tunayo ya kutosha ku ziwa. Nyufa zijazwe na unga wa kichuguu mukavu, halafu maji kidogo, si maji kwanza. Na mujue tabia yake: mupira ukitoka upande wa ziwa unakaa chini, kwa sababu ya umande; ukitoka upande wa milima ya Fizi unaruka mpaka ku mbavu. Sitaki muntu arekebishe hiyo. Hiyo ndiyo sura yake.

Basi. Basoda bakaondoka, kambi ikavunjwa. Sajini aliniachia rulo, mbao za kupigia, na vijiti. Aliniambia, "Ustadhi, kisilale na kiu." Nikamuambia aende salama na apunguze masharubu. Ninyi mukaanza kucheza, kwanza na mbao zao, halafu na zile mulizochonga ku makasia ya zamani. Viwanja vingine vyote vya upande ule vimekatwa maparseli ya kujengea, nyumba juu ya nyumba. Pale peke yake ndipo muntu anaweza kukimbia bila kugonga sufuria ya jirani. Na basichana ba kwetu banacheza pale bila kuulizwa. Nilikuwa nakaa ku ndoo yangu naangalia, na hiyo ilinitosha.

Mume wangu akafa. Na mwaka jana akashuka kutoka Fizi-Centre shemeji yangu Wilondja, mudogo wa marehemu. Shamba ni la ukoo, na yeye ndiye musemaji wa ukoo. Alikuja na mununuzi, Patron Saidi, mwenye mitumbwi ya injini. Patron si muntu mubaya. Alitaka depo karibu na maji, na lile shamba liko karibu na maji. Alizunguka, akapenda, akafika ku kamba, akasimama.

"Mama, mi niko tayari kununua. Lakini Baraka yote inasema chini pale kuna muntu. Siwezi kuweka magunia ya unga juu ya maiti. Nani atakula ule unga?"

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, we ndiye ulifanya kazi na bale basoda. Kesho, mbele ya bantu, sheikh na pastori bakiwepo, useme: kuna maiti ao hakuna maiti."

Munaona vile mambo yalisimama. Nikisema hakuna, kinauzwa. Nikinyamaza tu, si hata kusema uongo, kunyamaza tu, kinabaki.

Furaha, mujukuu, alikuja jikoni, macho mekundu. "Koko, usiseme kitu. Kaa tu. Lia kidogo. Batazani unamulilia."

"Nani?"

"Yule wa chini."

"Hakuna muntu chini."

"Najua, Koko. Lakini we lia."

Nilimuambia apanguse pua na achambue sombe, majani ya muhogo ya mboga. Hata mama yake mi nilimuchapa juu ya uongo mudogo kuliko ule. Nitasimama vipi mbele ya sheikh na pastori kulilia udongo? Lakini sitawaficha: usiku ule nilijaribu kulia kidogo, nione kama ingewezekana. Haikutoka. Uso wangu haukuumbwa kwa kazi hiyo.

Asubuhi Baraka ilijaa pale, hata benye habana shamba wala shauri. Nikasimama ku kamba. Nikasema, "Mi ndiye nilipiga huu udongo, toka chini mpaka juu. Nilimutoa malkia wa kichuguu, hakuna mwingine mwenye nilimuona. Hakuna muntu aliyezikwa hapa. Huu ni muchezo, niliwaambia toka mwanzo. Mukitaka, chimbeni."

Halafu nikasikia nyuma jirani yangu: "Munaona vile anakataa haraka?"

Mwingine: "Na hakulia. Muntu mwenye hana siri angelia."

"Balimulisha kiapo, masikini."

Patron Saidi akasema sawa, tuchimbe kidogo tuhakikishe. Lakini mbele ya jembe bakataka maombi. Sheikh akasema, bale basoda balikuwa bengi ba namna kwa namna, pengine ni mukristu, pastori aombe. Pastori akasema bengi balikuwa baislamu, ingefaa sheikh atangulie. Sheikh akasema hapana, ndugu, tafadhali. Pastori akasema hapana, muzee wangu, wewe kwanza. Bakapeana nafasi vile mpaka jua likatuchoma, na mwisho hakuna aliyeomba, ila bote babili balisogea nyuma.

Kijana mumoja wa Swima, mabega kama mulango, akachukua jembe. Akalinyanyua juu kabisa, akalipiga katikati ya udongo wangu.

Teng!

Jembe likaruka likamurudia. Udongo uliacha alama ndogo kama kucha. Akaangalia jembe, akaangalia udongo, akapiga tena. Teng! Cheche. Jembe akalitupa.

"Kuna simenti! Bamemujengea!"

Munakumbuka vile bantu balikimbia. Mama mumoja alipoteza kandambili mbili, na alikuwa amevaa mbili tu. Nikapiga kelele, "Simenti gani? Ni kichuguu! Ni kichuguu na rulo!" Nikaokota jembe mi mwenyewe nibaonyeshe. Nikapiga kwa nguvu zote. Teng, mpaka meno yangu yakalia krr. Nikapiga tena. Kitu hakuna. Miaka yote ile ya kumwagilia na kuvuta, na sasa sikuweza kupata hata kikombe cha udongo wa kunishuhudia. Nikasimama pale, hasira kwa kazi yangu mwenyewe, na, musimuambie shemeji, kiburi kidogo.

Patron Saidi alikuwa amevua kofia.

"Mama, basi. Mi naheshimu marehemu."

"Marehemu gani?"

"Yeyote."

Akapanda pikipiki akaenda. Depo yake iko sasa upande wa soko, munaijua.

Shemeji Wilondja alinifuata mpaka nyumbani, anapumua kama ndiye aliyevuta rulo. "Umeharibu, shemeji."

"Nilisema vile uliniomba. Nilisema kwa sauti. Ulitaka niseme mara ngapi?"

"Ungesema vizuri!"

"Vizuri ni namna gani? Nicheze ngoma?"

Akakaa. Nikamupa bugali na samaki, mikebuka, akala, hasira ikapungua sahani ikipungua, juu ni mudogo wa mume wangu, namujua. Mwisho akasema, "Baraka haitanunua tena pale. Lakini atakuja muntu wa mbali, wa Uvira, wa Bukavu, mwenye hajui hadithi. Na wewe si wa milele, shemeji. Ukitoka, nani atasimama?"

Hapo alisema neno la kweli. Bakamwana bangu, bajukuu, bote banaangalia sahani. Na Furaha, mwenye hajui kunyamaza, akainua uso kama aliyeokota dhahabu:

"Koko! Siku ukifa, tukuzike pale! Pale katikati. Basi hakuna muntu atauza tena, na maneno yatakuwa ya kweli!"

Shemeji akaacha kutafuna. Nikaona anafikiri kwamba si vibaya. Nikaona na bengine banafikiri kwamba si vibaya. Hata mi, kwa muda wa kumeza tonge moja, nilifikiri kwamba si vibaya: udongo muzuri, ziwa karibu.

Nikaweka sahani chini. Nikabaambia bote, na shemeji ndani yake:

"Mi nimesimama leo mbele ya Baraka yote nikasema pale hakuna muntu. Musinifanye muongo nikiwa siwezi kujibu. Nikifa, munipeleke Lweba, munizike kando ya kaburi la baba yangu, mulie huko mpaka muchoke. Halafu murudi siku ileile, jua likianza kulala, mumwagilie kiwanja. Asubuhi Furaha aweke kidole. Kikitoka kisafi, muvute rulo, na mucheze. Na yeyote akija kununua, Furaha ndiye atasimama ku kamba amuambie kweli yote, polepole, toka mwanzo mpaka mwisho. Kisha mumupe jembe."